Tangi la Maji la Jahazi: Historia Yake na Namna ya Kulisafisha

Leo siandiki kuhusu mbegu wala mbolea. Najua wengi wenu mkishavuna mnapakia nazi, mbao, dagaa na mihogo mikavu kwenye majahazi na mashua kwenda kuuza upande wa pili wa maji. Kabla ya kuondoka mnakagua mzigo, mnakagua tanga, mnauliza upepo. Kitu kimoja wachache sana wanakikagua: chombo cha maji ya kunywa.

Nitaeleza kwa njia ya historia, kwa sababu tatizo hili si geni. Watu wamesafiri kwa tanga mamia ya miaka, na kila kizazi kilijifunza jambo fulani kuhusu maji ya chomboni baada ya kupoteza watu. Tukiyajua waliyojifunza, hatuna haja ya kulipa mara ya pili. Mwisho nitaweka hatua za kusafisha tangi pamoja na vipimo. Hatua hizo zinafaa pia kwa simtanki na mapipa ya nyumbani.

Kwa nini naandika haya

Miaka mitatu iliyopita nilipanda jahazi kutoka kisiwani kurudi bara. Tulikuwa watu kumi na wawili: nahodha, mabaharia wanne, akina mama watatu wenye mizigo ya nazi na dagaa, wanaume wengine watatu, na mimi. Safari ya usiku mmoja ikawa ya siku mbili na nusu, kwa sababu upepo ulikatika na bahari ikawa shwari.

Maji yetu yalikuwa kwenye pipa la plastiki la bluu la lita 200, limefungwa kwa kamba kwenye mlingoti. Yalichotwa kwa kopo lililokatwa kutoka kwenye dumu la mafuta ya kula. Kopo lile nililiona likilala chini pamoja na magamba ya samaki. Pipa nalo nililiona: ndani lilikuwa na utando wa kijani, na nilipopitisha kidole uliteleza kama kamasi. Sikusema kitu. Niliwaza kwamba mimi ni mtu wa kilimo, maji si idara yangu, na tena mgeni hamfundishi nahodha ndani ya chombo chake.

Siku ya pili baharia mmoja, kijana wa miaka kama kumi na saba, alianza kuharisha na kutapika mpaka macho yakaingia ndani. Tulimpa maji yale yale anywe, maana hapakuwa na mengine. Kwa bahati boti ya wavuvi yenye injini ilipita ikamchukua mpaka ufukweni, akafikishwa zahanati, akatundikiwa dripu. Alipona. Watu wengine sita, mimi nikiwemo, tuliharisha siku tatu.

Nilipopata nguvu nilikwenda kumwamkia mzee mmoja hapa kijijini aliyewahi kuwa nahodha, nikamsimulia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwanangu, tangi halichafukii baharini. Linachafukia bandarini. Baharini linakudai deni lako tu." Nilipoanza kusoma habari za mabaharia wa zamani, nilikuta kwamba neno la mzee huyu ndilo historia yenyewe.

Mitungi, balasi na kata

Kwa zaidi ya miaka elfu moja vyombo vya tanga vimepita kati ya Arabuni, Ghuba, India na pwani yetu kwa kufuata pepo mbili. Kaskazi, inayovuma takriban Desemba hadi Machi, iliwaleta. Kusi, inayoanza karibu na Aprili, iliwarudisha. Safari ndefu ya namna hiyo haikuwezekana bila maji ya kutosha watu wote chomboni.

Kabla ya matangi, maji yalibebwa kwenye viriba vya ngozi na mitungi ya udongo. Mtungi wa kawaida, kama ule wa bibi zetu, una faida moja: maji hupenya kidogo kwenye udongo, yakikauka kwa nje yanaupoza mtungi. Lakini kwa safari ndefu kupenya huko ni hasara. Ndiyo maana mabaharia walipenda mitungi mikubwa yenye ngozi laini inayong'aa kama sahani, isiyovuja. Mingi ya aina hiyo ilijulikana kwa jina la Martaban, bandari ya nchi ambayo leo ni Myanmar. Vipande vya mitungi hiyo vimechimbuliwa kwenye miji ya kale ya pwani yetu, ukiwemo mji wa Gedi karibu na Malindi. Sisi Waswahili chombo kikubwa cha udongo cha maji tuliita balasi au kasiki.

Sasa angalia jambo dogo lenye maana kubwa. Mwaka 1331 msafiri kutoka Moroko, Ibn Battuta, alipita Mombasa akielekea Kilwa. Katika mambo aliyoyaandika ni visima vilivyokuwa kwenye milango ya misikiti ya Mombasa. Alieleza kwamba maji yalichotwa kwa chombo cha mbao kilichofungwa kwenye kijiti cha urefu wa kama dhiraa moja.

Hicho ni ndugu wa kata. Sisemi kata ya diwani, nasema kata ya kuchotea maji, kifuu cha nazi chenye mpini mrefu. Wengi mnaiona kama kitu cha kizamani. Lakini mpini ule una kazi: mkono haugusi maji. Leo maafisa afya wanapofundisha kuchota maji kwa chombo chenye mpini na kukitundika mahali safi, wanafundisha jambo ambalo watu wa Mombasa walikuwa wanalifanya karibu miaka 700 iliyopita. Katika jahazi letu tulikuwa na pipa la kisasa, lakini tulikosa kata.

Pipa la Mreno

Mwaka 1498 Vasco da Gama alifika pwani yetu kwa meli za Kireno. Mwezi Machi alikuwa Kisiwa cha Msumbiji, na huko maji ya kunywa yalileta vita. Watu wake walikwenda bara kutafuta maji, wenyeji wakawazuia, Wareno wakapiga mizinga. Meli yenye mizinga ilikuwa haiwezi kwenda mbele bila kujaza maji.

Wareno waliyabeba maji yao kwenye mapipa ya mbao, na neno letu "pipa" limetoka kwao. Pipa la mbao lilikuwa na uzuri wake: halipasuki kama mtungi chombo kinapoyumba, na linabingirishwa mpaka kisimani. Lakini lilikuwa na ubaya ambao fundi hawezi kuuondoa. Mbao zikikauka husinyaa, na pipa likasinyaa linavuja. Kwa hiyo pipa lilipaswa kukaa na unyevu muda wote. Huwezi kulianika juani likakauka vizuri. Mashapo yalibaki chini, utando ulikaa kwenye mbao, na maji mapya yalimiminwa juu ya uchafu wa zamani. Baada ya wiki kadhaa baharini maji yaligeuka rangi, yakanuka, yakawa na utelezi. Mabaharia walifumba macho wakanywa.

Ukitaka kuona vyombo vya zama hizo, nenda Fort Jesus, Mombasa. Meli ya Kireno iitwayo Santo António de Tanna ilizama mbele ya ngome hiyo mwaka 1697, na kati ya 1977 na 1980 wataalamu walipiga mbizi na kutoa vitu vyake. Miongoni mwake ni mitungi mikubwa ya kuhifadhia vitu.

Nahodha aliyejali maji, na bado akapoteza watu

Tuhamie bahari nyingine kidogo, kwa sababu huko ndiko neno la mzee wetu linapothibitika vizuri kabisa.

James Cook alikuwa nahodha wa Uingereza. Kati ya 1768 na 1771 alizunguka dunia kwa meli ya tanga iitwayo Endeavour. Alikuwa mkali sana kwa usafi. Alikuwa na desturi ya kujaza maji mapya kila alipopata nafasi, hata kama ya zamani hayajaisha, kwa sababu aliamini maji mapya kutoka nchi kavu ni bora kuliko yaliyokaa chomboni. Baadaye, mwaka 1776, jumuiya ya wanasayansi ya London ilimpa nishani kwa maandishi yake kuhusu kutunza afya ya mabaharia.

Lakini mwishoni mwa 1770 meli yake ilitia nanga Batavia, mji ambao leo unaitwa Jakarta, kwa matengenezo. Watu walishikwa na homa na kuhara. Baada ya kuondoka, Januari 1771 walijaza maji kwenye kisiwa kidogo cha jirani. Katika safari ya kuelekea Cape Town watu zaidi ya 20 walikufa, wengi kwa kuhara damu. Cook aliyashuku maji ya kile kisiwa. Aliamuru chokaa itiwe kwenye maji yote na meli isafishwe kwa siki.

Ugonjwa ulikuwa umeanza kabla ya kufika kisiwani, kwa hiyo maji hayakuwa chanzo pekee. Hata hivyo funzo lipo wazi. Mapipa ya nahodha huyu yalikuwa yametunzwa kuliko ya meli nyingi za wakati wake. Lakini chombo safi hakigeuzi maji machafu kuwa safi. Ukijaza bandarini maji yenye vijidudu, unawapandisha vijidudu kama abiria, na bahari inawapa muda wa kuzaana.

Mkaa, kisha chuma

Baada ya hapo watu wa Ulaya walihangaika kutafuta dawa. Mwaka 1785 mkemia aliyefanya kazi St. Petersburg, Urusi, kwa jina Tobias Lowitz, aligundua kwamba unga wa mkaa unaondoa rangi na harufu kwenye vimiminika. Baadaye wazo hilo likahamia kwenye mapipa ya meli: pipa lilichomwa kwa ndani mpaka likawa na tabaka la mkaa, ndipo likajazwa maji. Meli za Kirusi zilizozunguka dunia kuanzia 1803 chini ya nahodha Krusenstern zilitumia mapipa ya namna hiyo.

Njia hii ilisaidia harufu na ladha. Hapa niwaonye, kwa sababu hata sisi tuna mambo yanayofanana nayo. Pwani tunafukiza mtungi kwa udi au ubani, na maji yanakuwa na harufu nzuri sana. Ni desturi nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini harufu nzuri si usafi. Maji yanaweza kunukia udi na bado yakamlaza mtu zahanati.

Mabadiliko makubwa yalikuja na chuma. Mwaka 1808 Mwingereza Richard Trevithick, yule aliyejulikana kwa injini za mvuke, pamoja na mwenzake Robert Dickinson, walipata hataza ya matangi ya chuma ya kubebea vitu melini. Kuanzia karibu mwaka 1815 meli za kivita za Uingereza zikaanza kuacha mapipa na kuweka matangi ya chuma. Tangi la mraba lilikaa vizuri ndani ya meli bila kupoteza nafasi kama pipa la duara, kwa hiyo maji yaliyobebwa yaliongezeka. Na tofauti na pipa la mbao, tangi liliweza kumwagwa, kusuguliwa, kukaushwa kabisa na kukaa kavu bila kuvuja.

Chuma nacho kilikuja na deni lake, kutu. Maji yaligeuka mekundu. Dawa yake ikawa kupaka ndani tabaka la chokaa au saruji na kulirudia kila linapobanduka. Mafundi wetu wa matangi ya saruji wanaielewa kazi hiyo.

Matangi ya mbao ya Kuwait

Turudi kwenye bahari yetu. Majahazi ya Ghuba yaliendelea na mbao muda mrefu. Vyombo vya Kuwait vilibeba tangi kubwa la mbao lililoitwa fintas. Mji wa Kuwait wenyewe ulikuwa na visima vyenye maji ya chumvi na machache. Mwanzoni mwa karne ya 20 wafanyabiashara waliweka matangi ya mbao kwenye majahazi, wakaenda kujaza maji ya mto Shatt al-Arab, wakarudi kuyauza mjini. Wachuuzi waliyapokea na kuyapeleka mitaani. Biashara hiyo ilififia baada ya mitambo ya kugeuza maji ya bahari kuwa maji ya kunywa kuanza kufanya kazi miaka ya 1950. Ndugu mfanyabiashara, hebu fikiri: hapo tangi lenyewe ndilo lilikuwa duka. Likinuka, huna biashara.

Majahazi ya Kuwait yalikuja hadi kwetu. Mwaka 1938 Mwaustralia Alan Villiers alipanda jahazi la nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi kutoka Aden. Lilibeba abiria zaidi ya mia moja, likapita Lamu, Mombasa na Unguja, likaingia delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko. Wazee wa Rufiji na Kilwa bado wanakumbuka vyombo vile. Piga hesabu mwenyewe: watu zaidi ya mia, jua la bahari ya Hindi, siku kadhaa kati ya bandari na bandari. Uzembe wa mtu mmoja kwenye tangi ungewagusa wote.

Mzee wetu aliwahi kusafiri akiwa kijana kwenye jahazi lenye tangi la mbao. Alinieleza utaratibu wao. Tangi lina mfuniko wa mbao na kipande cha nguo chini yake. Anayechota ni mtu mmoja tu, naye ndiye mwenye kata. Jahazi likifika, kabla watu hawajashuka kwenda mjini, tangi linamwagwa, linasuguliwa kwa mchanga safi na kumbi la nazi, linasuuzwa, kisha linajazwa maji kidogo ili mbao zisisinyae. Maji hayo ya kulindia mbao hayanywewi. Siku ya safari yanamwagwa. "Siku hizi plastiki haivuji," aliniambia, "kwa hiyo hakuna anayeligusa."

Kipindupindu Unguja

Mpaka katikati ya karne ya 19 watu walipima maji kwa macho, pua na ulimi. Kipindupindu kiliwafundisha kwamba hiyo haitoshi. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha mjini London kwamba wagonjwa wengi wa mtaa mmoja walikuwa wamekunywa maji ya pampu moja, maji ambayo kwa macho yalionekana mazuri.

Zanzibar nayo ilipigwa mara kadhaa katika karne hiyo. Mlipuko wa 1869 hadi 1870 uliandikwa kwa kina na daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Unguja, katika kitabu kilichotoka 1876. Alifuatilia jinsi ugonjwa ulivyotembea na watu wa misafara na wa vyombo. Kwa maneno mengine, ulitembea kwenye njia za biashara, njia hizi hizi mnazopita ninyi na mizigo yenu. Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alijenga mfereji wa kuleta maji ya chemchemi mjini. Tangu hapo mtu wa mjini na baharia waliokuwa wanategemea visima walipata maji yaliyotoka mbali na vyoo.

Hatua iliyofuata ni dawa ya klorini. Mwaka 1897 mji wa Maidstone, Uingereza, ulitumia klorini kusafisha mabomba yake baada ya mlipuko wa homa ya matumbo. Mwaka 1908 Jersey City, Marekani, ulianza kuitia kwenye maji ya mji kila siku. Dawa hiyo ndiyo iliyomo ndani ya chupa ya jiki unayofulia nguo nyeupe na ndani ya vidonge vya kutibu maji. Kitu ambacho Cook angekitamani sana, wewe unakipata duka la kijijini.

Pipa letu la bluu

Plastiki imeondoa matatizo mawili ya zamani: haivuji kama mbao, haishiki kutu kama chuma. Lakini ina mambo matatu ya kuangalia.

Kwanza, mwanga. Pipa linalopitisha mwanga linaotesha ule utando wa kijani. Tangi jeusi, au pipa lililofunikwa kwa turubai, linazuia.

Pili, harufu na sumu. Plastiki hunyonya kilichokuwemo. Pipa au dumu lililowahi kubeba dawa ya kuua wadudu, dawa ya magugu, rangi au mafuta ya mashine lisitumike kwa maji ya kunywa kamwe, hata likioshwa mara mia. Hapa nasema kama bwana shamba: dumu la dawa likiisha, lisuuze mara tatu, maji ya kusuuzia yamimine kwenye bomba la kupulizia shambani, kisha litoboe ili mtu asilitumie tena.

Tatu, uvivu wetu. Chombo kisichodai matunzo husahaulika. Mbao zilimlazimisha baharia kuligusa tangi kila safari.

Hatua za kusafisha tangi

Fanya hivi mwanzoni mwa kila msimu wa safari, tangi likikaa zaidi ya mwezi bila kutumika, na kila ukiona utando au kusikia harufu.

1. Mwaga maji yote, pamoja na yaliyobaki chini ya koki. Inamisha chombo. Mashapo ndiyo nyumba ya vijidudu.

2. Sugua kwa brashi, maji na sabuni ya kawaida ndani yote: kuta, pembe, mfuniko na shingo. Usitumie brashi ya waya kwenye plastiki, inaacha mikwaruzo ambayo uchafu unajificha. Usisahau koki na mpira wa kujazia. Mpira mchafu unaharibu tangi safi.

3. Suuza mpaka povu liishe kabisa.

4. Jaza maji, kisha tia jiki isiyo na manukato. Soma chupa. Kama imeandikwa asilimia 3.5, vipimo ni hivi:
- Pipa la lita 200: mililita 300.
- Tangi la lita 500: mililita 750.
- Tangi la lita 1,000: lita 1 na nusu.

Fungua koki mpaka usikie harufu ya dawa, kisha ifunge. Acha saa 24. Andika juu ya tangi "SI YA KUNYWA" na waambie watoto.

5. Mwaga. Maji haya ni makali. Usiyamwage kwenye bustani, bwawa la samaki wala karibu na shamba la mwani.

6. Suuza kwa maji safi mpaka harufu ipungue. Kama safari bado, acha likauke, lifunike. Kama safari ipo, jaza maji ya kunywa.

Tahadhari: usichanganye jiki na siki, ndimu au dawa nyingine ya kusafishia, mvuke wake unaumiza mapafu. Usiingie peke yako ndani ya tangi kubwa. Awepo mtu nje anayekuona. Kwa tangi la chuma usiache dawa zaidi ya muda uliotajwa, inakula chuma.

Kumbuka pia kwamba vipimo hivi ni vya kusafishia tangi. Kutibu maji ya kunywa ni dozi ndogo sana; tumia vidonge au dawa ya maji na ufuate maelezo ya pakiti.

Siku ya safari

Jaza kutoka kwenye chanzo unachokiamini, si kile kilicho karibu na gati. Chuja kwa kitambaa cheupe safi, kisha tia dawa ya maji.

Piga hesabu ya lita 5 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia. Watu 8 kwa siku 3 ni lita 120. Ongeza nusu yake, lita 60, kwa ajili ya shwari. Jumla lita 180.

Usiweke maji yote kwenye chombo kimoja. Tenga angalau madumu mawili ya lita 20 yaliyofungwa. Laiti tungekuwa nayo, yule kijana asingepewa maji yaliyomuumiza.

Tumia koki. Kama hakuna, tumia kata yenye mpini mrefu, itundike, na mteue mtu mmoja wa kuchota.

Beba pakiti kadhaa za ORS. Ni bei ndogo na hazichukui nafasi.

Yule kijana bado ni baharia. Nilikutana naye gatini mwezi uliopita, na jahazi lile lile. Pipa ni lile lile la bluu, lakini sasa limevikwa turubai, na pembeni yake kuna kata ya kifuu imetundikwa kwenye msumari. Aliniambia yeye ndiye mwenye kata. Safari hii sikunyamaza: niliomba nifunguliwe mfuniko, nikaingiza kidole nikasugua ukuta wa ndani. Haukuteleza.

Kwa leo naishia hapa. Mwenye swali kuhusu vipimo au aina ya tangi afike ofisi yetu ya ugani au amuone afisa afya wa kata yake. Nawatakia safari njema na upepo mzuri.